Kadi za kutangaza kuhitimu high school: nani apelekewe, lini, na michango inaingia wapi?

MamaWawili_Columbus

Habari za jioni wanajukwaa. Kijana wetu anamaliza high school hapa Columbus, Ohio, mwishoni mwa Mei 2026. Shule imeleta fomu ya kampuni inayouza majoho, na ndani yake kuna paketi ya kadi 25 za tangazo, kila kadi na bahasha mbili, karatasi laini na vikadi vidogo vya jina. Naomba wanaojua wanisaidie.

Kadi hizi ni mwaliko au ni taarifa tu? Mwalimu au jirani Mmarekani akizipokea si ataona tunamwomba hela? Tuna ndugu Bukoba, Mwanza na Bukavu, nao wapelekewe kwa posta? Sherehe tunataka kuifanya Jumamosi nyumbani, na kamati imeshaanza kuulizia michango. Je, mchango unaandikwa kwenye kadi hiyohiyo? Hatua kwa hatua tafadhali.

Mpiga_Chapa

Dada, tuanze na swali lako la kwanza, maana likikosewa hilo mengine yote yanapinda. Kadi hiyo ni taarifa. Inasema fulani anahitimu shule fulani, tarehe fulani, basi. Haimpi mtu nafasi ya kuingia ukumbini, haimwiti kwenye pilau, wala haimdai zawadi. Kwa desturi ya Wamarekani, anayeipokea anawiwa pongezi tu: kadi, simu au ujumbe mfupi. Wengi watatia na kitu kidogo kwenye bahasha, lakini hilo ni la hiari yao. Kwa hiyo mwalimu hataona anaombwa, ilimradi kadi yenyewe isimwombe. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa kubandika namba ya Cash App, ile programu ya kutumiana pesa kwa simu, pembeni ya picha ya mtoto.

Na usiandike "zawadi si lazima". Ukishataja zawadi, hata kwa kuikataa, umemkumbusha mtu kwamba zipo.

Sasa hiyo paketi ya shule. Kadi rasmi ina nembo ya shule, na maneno yake yanatoka kwa darasa zima la wahitimu, ndiyo maana jina la kijana halimo. Vikadi vidogo ndivyo vyenye jina lake, na kimoja huingizwa ndani ya kila kadi. Usipoviagiza, shangazi atapokea kadi nzuri isiyosema ni ya nani. Bahasha ya ndani haina gundi, na juu yake unaandika majina ya wapokeaji tu. Ya nje inabeba anwani kamili na stempu. Unapoingiza ya ndani, upande wenye majina uelekee kwenye mfuniko wa bahasha ya nje, ili mtu akifungua akutane na jina lake. Ile karatasi laini ilikuwa ya kuzuia wino usichafuke zama za uchapaji wa kale. Ukiitupa hujamkosea mtu.

Kama bei ya paketi inakutoa jasho, chapisha kadi ya picha ya inchi 5 kwa 7. Maduka makubwa ya dawa yenye kitengo cha picha huzitoa hata siku hiyohiyo. Bahasha yake ni ile ya A7, inchi 5¼ kwa 7¼, na inapita kwenye mashine za posta kwa stempu moja ya kawaida ikiwa uzito hauzidi aunsi 1, yaani kama gramu 28, na unene hauzidi robo inchi. Kadi ya mraba inatozwa zaidi hata ikiwa nyepesi, kwa sababu mashine inashindwa kujua upande wa anwani. Utepe, lakiri ya nta na kitu chochote kigumu ndani vinaleta gharama ileile. Ukituma bila kuongeza stempu, kadi itakurudia au itamfikia mtu ikiwa na deni la posta. Aibu tupu.

Hesabu nyumba, usihesabu vichwa. Baba, mama na watoto wanne ni kadi moja. Ongeza kadi tano za akiba na bahasha kumi, kwani bahasha ndizo zinazoharibika wakati wa kuandika.

Kuhusu muda: tangazo hutumwa wiki mbili au tatu kabla ya mahafali, au baada yake. Kulituma mwezi mmoja baadaye si kosa. Mwaliko wa sherehe ndio wenye haraka, wiki tatu hadi nne kabla. Mwaka huu angalia kalenda vizuri: Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ni Jumatatu ya tarehe 25 Mei, na wikiendi hiyo Wamarekani wengi husafiri. Idi ya kuchinja inatarajiwa karibu na tarehe 27 Mei kutegemea mwezi. Ukiiweka sherehe kwenye siku hizo, utapika kwa ajili ya watu wasiofika.

Ofisi_ya_Ushauri

Kabla hamjalipia hata bahasha moja, piga simu kwa mshauri wa mwanafunzi pale shuleni na uulize swali moja: krediti, yaani pointi za masomo aliyofaulu, zimetimia? Kima cha chini cha jimbo hapa Ohio ni krediti 20, Kentucky na Texas ni 22, na wilaya nyingi za shule huongeza juu ya hapo. Wanaopata tabu sana ni vijana waliohamia katikati ya sekondari, kutoka kambi za wakimbizi au nyumbani. Somo walilokwisha kulisoma halikuhesabiwa kwa kuwa karatasi hazikufika, nao wanaligundua Aprili. Wapo wanaoruhusiwa kutembea jukwaani na kumalizia masomo wakati wa kiangazi, wapo wasioruhusiwa, inategemea wilaya. Kadi ikishafika kwa watu arobaini huwezi kuifuta.

Wazazi waliozoea mahafali ya Tanzania waelewe tofauti hii. Kule kidato cha nne hufanya mahafali kabla ya mtihani wa Novemba wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa hiyo sherehe haithibitishi ufaulu. Huku mahafali ndiyo kukabidhiwa diploma, yaani cheti cha kumaliza high school. Ila msishangae mkifungua jalada alilopewa jukwaani mkalikuta tupu. Shule nyingi hutoa cheti chenyewe baadaye ofisini, hasa mwanafunzi akiwa na kitabu au kompyuta ya shule ambayo hajairudisha.

Jina. Litakalosomwa na litakaloandikwa kwenye diploma lifanane na hati zake za kisheria, herufi kwa herufi. Kulibadilisha baadaye kunataka maombi na vithibitisho. Akitaka siku moja kusoma au kufanya kazi nyumbani, ambako NECTA hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje, jina lisilofanana ndilo litakalomchelewesha. Shule nyingi pia humpa mwanafunzi kikaratasi cha kuandika namna jina linavyotamkwa. Asikiache kitupu. Msomaji Mmarekani akikutana na "Ng'" au "Mw" bila msaada, huruka nusu ya jina.

Tiketi za ukumbini ni chache kwa kila mhitimu, na idadi hutegemea ukubwa wa ukumbi. Ulizeni mapema, ikiwezekana Aprili, ndipo mgawe. Msimwahidi mtu aliyekata tiketi ya ndege kabla ya kujua mna ngapi.

Na msiandike GPA, yaani wastani wa alama zake, kwenye kadi. Si desturi, na kwa ndugu zetu italeta mkanganyiko mtupu. Huku 4.0 ndiyo juu kabisa kwenye kipimo cha kawaida, na masomo magumu yakipewa uzito inaweza hata kupita hapo. Mjomba aliyezoea divisheni akisoma "4.0" atauliza kwa upole kama mtoto ameponea chupuchupu.

Bahati_wa_Kivu

Jambo mama. Kwa wa Bukavu na Bukoba nasema hivi: kadi ya posta ni ya watu wawili watatu tu, wale wazee watakaoiweka ukutani. Wengine wote, picha ya kadi kwenye WhatsApp. Barua ya kutoka Marekani yaweza kuchukua wiki nyingi. Tanzania hutumii jina la mtaa, unatumia sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la parokia, shule au ofisi. Kwa hiyo andika jina la mpokeaji, kisha "kwa mkono wa" mwenye sanduku, kisha S.L.P. na mji, nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Namba ya simu ya mpokeaji chini ya jina inasaidia sana. Upande wa Congo usihangaike na posta. Mpe mtu anayesafiri.

Usitie hela ndani ya bahasha ya nchi za nje, na usisubiri zawadi toka huko. Kuna wakubwa watakaodhani kadi yenye dhahabu kutoka Marekani inawataka watume kitu. Uwaambie kwa sauti, kwa simu, kabla kadi haijafika: tunawapasha habari na tunaomba baraka. Simu ya baba mkubwa na mama mkubwa itangulie picha ya grupu. Mkubwa akikuta habari kwenye grupu la watu themanini pamoja na watoto, ataona amepuuzwa, hata asiposema.

Jambo lingine kwa sisi Wakongo. Kwetu mtoto akipata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, tunammwagia poda nyeupe kichwani, na furaha inatoka barabarani. Huku poda ingojee hadi nyumbani. Joho mara nyingi ni la kuazima, linarudishwa, na likichafuka unalipa. Uwanja wa shule nao una walinzi wasiojua ile ni poda ya mtoto.

Ofisi_ya_Ushauri

Naongezea kwa Bahati, kuhusu vigelegele. Shule nyingi huomba makofi yangoje hadi majina yote yasomwe, maana jina linalofuata halisikiki na mzazi wa mtoto huyo anakosa sekunde zake tatu. Honi za upepo zinapigwa marufuku karibu kila mahali, na kuna shule zinazotoa watu nje. Basi kigelegele kimoja kifupi mwishoni, vingine nyumbani. Mataji ya kung'aa na mashada ya noti mvisheni kijana akishatoka ukumbini.

Mkitaka avae mtandio wa kitenge au kanga juu ya joho, ombeni ruhusa kwa barua pepe wiki kadhaa kabla, na mtunze jibu. Hijabu chini ya kofia kwa kawaida haina mgogoro. California ina sheria, tangu 2019, inayomruhusu mwanafunzi kuvaa mapambo yenye maana ya kidini au kitamaduni kwenye mahafali. Kwenu Ohio fuateni kanuni za wilaya yenu.

Katibu_Kamati

Nijibu la michango, maana nimeliona linakwepwa.

Hapana, dada. Mchango hauandikwi kwenye tangazo, wala kwenye mwaliko unaokwenda kwa Wamarekani. Mmarekani akialikwa anaamini mwenyeji ameshagharamia chakula, naye ataleta zawadi ya mhitimu. Ukimpa kadi ya mchango amelipishwa kiingilio. Kwetu kuchangia ni kushiriki, na asiyeombwa anaweza hata kununa. Hizo ni desturi mbili, kwa hiyo orodha ziwe mbili na karatasi ziwe mbili. Kamati ifungue grupu lake, iweke mweka hazina na mwisho wa kupokea ahadi, wiki mbili kabla ya shughuli ili mnunue kwa hela iliyopo na si ya ahadi. Humo namba ya kutumia pesa iandikwe bila kuona haya. Asiwekwe mwalimu wala jirani kwa bahati mbaya.

Mpiga_Chapa nakubaliana nawe kuhusu Cash App kwenye tangazo, lakini kwa kadi ya Kiswahili inayokwenda kwa jamaa wa hapa Marekani mimi sioni dhambi. Watu wenyewe wanaiuliza.

Kuhusu sherehe, majimbo ya huku katikati, Ohio, Michigan, Minnesota, yana desturi ya karamu ya kupita. Kadi inaandika saa ya kuanza na ya kumaliza, wageni wanaingia na kutoka wanapopenda ndani ya saa hizo. Mtu hukaa nusu saa au saa moja, anakula, anaangalia picha za mtoto, anaacha bahasha kwenye kisanduku, anaondoka. Hana dharau: Jumamosi hiyohiyo ana nyumba nyingine tatu. Wa kwetu wao watakuja jioni na kukaa. Msipambane na tabia hizo, zitumieni. Mwaliko wa Kiingereza useme 2:00 hadi 5:00 p.m.; wa Kiswahili useme kuanzia saa kumi na moja jioni, na dua au sala, hotuba za wazee, keki na muziki viwe baada ya hapo. Saa ziandikwe kwa umakini. "Saa 2 mchana" kwenye bango la WhatsApp imeshawapoteza wengi, mmoja anasoma saa mbili, mwingine saa nane. Kiingereza kibaki na p.m., Kiswahili kihesabiwe Kiswahili.

Chakula: kwa wageni 60 wa makundi yote mawili, mchele kilo 6 hadi 7 kwa pilau, nyama mbichi kilo 8 kama kuna kuku pembeni, sambusa tatu kwa kila mtu. Pikeni pilau mara mbili, sufuria moja ya mchana na moja ya jioni. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzi 32 za Selsiasi iwe saa moja tu. Kwenye trei za moto kibaki nyuzi 60 au zaidi. Makopo ya jeli ya kuwasha chini ya trei yapo ya saa mbili na ya saa sita, nunueni ya saa sita. Wekeni vibao: nyama gani, halali au la, na hasa chakula chenye karanga. Kisamvu cha karanga kisicho na kibao ni hatari kweli, kuna Wamarekani ambao kijiko kimoja kinawapeleka hospitali.

MamaWawili_Columbus

Aksanti sana, wakubwa shikamooni. Mawili yamebaki. Nitajuaje nani anastahili tangazo kati ya walimu na watu wa kazini? Na zile hundi zikija, na kadi za shukrani, utaratibu ukoje? Halafu tumepokea tayari kadi tatu za wenzake darasani, sijui nifanye nini nazo.

Mpiga_Chapa

Kipimo changu: je, mtu huyu ameshawahi kukuuliza habari za kijana bila wewe kuanza? Kocha, mwalimu aliyemwandikia barua ya mapendekezo, imamu au padri, familia ya kujitolea iliyowapokea mlipofika, daktari wake wa utotoni, hao ndio. Bosi wako anayejua tu kwamba una watoto, mwache. Kadi ya mwalimu ipelekwe kwa anwani ya shule.

Maneno ya upande wa Kiswahili yanaweza kuwa hivi: "Kwa shukrani kwa Mwenyezi Mungu, familia ya Bw. na Bi. Fulani wa Columbus, Ohio, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba kijana wao, Fulani bin Fulani, anahitimu masomo ya sekondari tarehe 23 Mei 2026." Yanatosha. Mistari mirefu ya sifa iachieni hotuba ya baba.

Katibu_Kamati

Hundi: iandikwe jina la mhitimu kama lilivyo kwenye akaunti yake. "Baraka" au "Junior" peke yake benki inaweza kuikataa. Kama hajatimiza miaka 18 kwa kawaida atahitaji akaunti ya pamoja na mzazi, ifungueni kabla ya Mei. Hundi iliyopita miezi sita benki hailazimiki kuilipa, kwa hiyo zisilale kwenye kisanduku. Anayefungua bahasha aandike palepale, kwenye daftari, nani na nini, kabla bahasha hazijachanganyika. Likifanyika kesho yake, kutakuwa na dola 50 zisizo na mwenyewe.

Shukrani anaandika kijana mwenyewe, kwa mkono, ndani ya wiki mbili tangu apokee. Mama asiandike kwa niaba, mwandiko unajulikana. Mistari minne: asante kwa nini hasa, ataitumiaje, neno moja kuhusu mtu yule, jina. Kama ni fedha, kiasi hakitajwi. "Asante Coach kwa zawadi yako. Inaingia kwenye vitabu vya muhula wa kwanza" inatosha kabisa, kwa Kiingereza chake. Aandike tano kila jioni. Akiziacha hadi Agosti ataondoka kwenda chuoni nazo hazijaandikwa. Na waliopika wapewe kadi pia, hata kama hawakuleta bahasha.

Zile tatu mlizopokea, zisomeni vizuri kwanza. Isiyo na saa wala anwani ya nyumba ni tangazo: ujumbe wa pongezi au kadi ya duka inatosha. Yenye saa na anwani ni mwaliko: jibuni kama mtakwenda, kijana aende na kadi yenye dola 10 au 20, akae nusu saa, amsalimie mama mwenye nyumba kabla ya kugusa chakula. Kama mbili zimeangukia Jumamosi moja, aanze na inayofunga mapema.